Ofisa Hakucheka

Somo la juma: Waamuzi 12:1–6

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Juma hili naandika nikiwa na deni, kwa hiyo mkiona maneno yananikwama mjue sababu. Ninyi mnaokuja darasa la uraia wa Marekani Jumatano jioni, kule chini ya kanisa, mnakumbuka kuna mama mmoja aliacha kuja. Tuliambiana kwamba amebadilishiwa zamu kazini. Hakubadilishiwa zamu.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa kwenye maswali ya historia, kila mtu anajibu kwa zamu yake, hadi ikamfikia yeye. Mama huyu utotoni hakuketi darasani hata siku moja. Kalamu alijifunza kuishika hapa Kentucky, akiwa tayari na wajukuu. Maswali yote 100 ya mtihani wa uraia ameyaingiza kichwani kwa sikio. Anatandika vitanda hotelini, simu iko mfukoni mwa aproni, hedifoni sikio moja, na kila mto anaouvalisha foronya anarudia jibu moja. Nikauliza ni nani aliyewaweka huru watumwa. Akajibu bila kusita, akimaanisha Rais Abraham Lincoln: "Abrahamu Rinkoni." Nami, mwalimu wenu, nikasema, "Mama, huyo Rinkoni simjui. Ni wa Baraka au wa Mboko?" Hiyo ni miji ya kwetu Kongo, na darasa likaangua kicheko. Naye akacheka, akajifunika mdomo kwa upindo wa kitenge. Jumatano iliyofuata kwenye kiti chake palikuwa na koti la mtu mwingine.

Najua ukitaja uraia kanisani, vidole vyenyewe vinaanza kutafuta Wafilipi 3:20. Wenyeji wetu uko mbinguni, amina, na ni kweli. Ila nimeona kwamba mstari huo tunaukimbilia sana pale tusipotaka kuulizwa tunaishije huku chini. Leo tufungue Waamuzi.

Anzeni na 11:1–3, maana bila hapo sura ya 12 haieleweki. Yeftha alizaliwa na kahaba. Ndugu zake kwa baba walimfukuza asirithi pamoja nao, akakimbia, akaenda kukaa nchi ya Tobu. Kwa lugha yetu, mkimbizi. Baadaye vita ikawazidi watu wa Gileadi, wakamfuata huko huko alikofukuziwa, wakamwomba awe mkuu wao. Akapigana na Waamoni, akashinda. Ndipo watu wa Efraimu wakaja na hasira: mbona hukutuita vitani? Tutakuchomea nyumba. Na katika ugomvi ule likatoka tusi, liko 12:4, tusi ambalo kwa miaka mingi nimelisoma nikalipita: waliwaambia Wagileadi kwamba wao ni watoro tu wa Efraimu. Watu waliotoroka, wasio na kwao.

Kisha wale walioitwa watoro wakashinda vita, wakaenda kukamata vivuko vya Yordani. Kila aliyekuja akisema "niacheni nivuke" aliulizwa kama ni Mwefraimu. Akikana, aliambiwa atamke neno moja: Shibolethi. Akitamka "Sibolethi," kwa kuwa ulimi wake haukuweza ile "sh," aliuawa pale pale. Biblia inataja watu 42,000. Na hawa hawakuwa mataifa mageni. Efraimu na Manase ni watoto wa Yusufu, na Gileadi anatoka kwa Manase. Ni watoto wa baba mkubwa na wa baba mdogo.

Kwetu sisi kivuko si hadithi ya kuelezewa sana. Wamo kati yetu waliovuka Ziwa Tanganyika usiku mwaka 1996, mtoto mmoja mgongoni na mwingine kafunikwa mdomo asilie. Wamo waliosimamishwa kwenye kizuizi wakaambiwa wasalimie tu, ili mwenye bunduki asikie wanavyosalimia. Sura hii mara ya kwanza niliisikia ikisomwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, kanisani, chini ya turubai. Mhubiri alipofika kwenye "Sibolethi" alinyamaza kidogo, nasi tukanyamaza, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa.

Siku zote nilijiweka upande wa mtu anayetaka kuvuka. Haikunijia hata mara moja kuangalia aliyesimama kwenye kivuko ni nani. Ni Mgileadi, mtu wa Yeftha. Mtu aliyeitwa mtoro jana.

Mimi nilikula kiapo miaka mitatu iliyopita. Kwenye meza ya mlangoni nilirudisha grinikadi yangu, ile kadi ya ukaazi, nikapewa bahasha na bendera ndogo ya kushika mkononi. Tukainua mkono wa kuume, tukarudia maneno ya kukana utii kwa kila mfalme na kila dola tuliyokuwa raia wake. Kwa Mkongo maneno hayo hayaishii mdomoni: Katiba yetu ya mwaka 2006, ibara ya 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja, hauendi pamoja na mwingine wowote. Mzee mmoja aliyeapa pamoja nami alikaa garini muda mrefu kabla ya kuwasha injini. Mimi sikukaa. Jioni ile ile nilikuwa sebuleni kwa watu, soda mkononi, nikieleza kwamba mtihani ni mwepesi, watu wanajitisha bure. Na wiki moja kabla ya mahojiano yangu, mke wangu ni shahidi, chakula kilikuwa hakipiti.

Kutoka 23:9 inasema tusimwonee mgeni, kwa sababu moyo wa mgeni tunaujua, tulikuwa wageni Misri. Nilikuwa nadhani mstari huo unatusifu. Sasa naona unatushuku. Kama kuujua moyo wa mgeni kungetosha, ingehitajika amri ya nini?

Jumamosi niliposikia kwamba mama yule alikwenda kwenye mahojiano peke yake na hakupita, nilimwendea. Nilimkuta jikoni, sombe ya pakiti, yaani majani ya muhogo, inayeyuka kwenye sinki. Alinikaribisha, akaniwekea chai, akanisimulia bila kinyongo, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

Ofisa alimwapisha kwanza, mkono juu, kwamba atasema kweli. Akamuuliza jina, na tarehe ya kuzaliwa: 1 Januari, kama nusu ya darasa letu (siku moja tutakula keki ya pamoja). Maswali ya historia na serikali alipata sita kati ya saba, ofisa akaishia hapo, kwa kuwa sita zinatosha. Kisha akawekewa tableti mbele yake asome sentensi. Na ndani ya sentensi, wapendwa, yumo Lincoln.

"Nikasema Rinkoni," akaniambia, macho yako kwenye sombe. "Mwalimu, ofisa hakucheka. Alisema vizuri, akaendelea."

Nyumbani nilikwenda kutafuta mwongozo wanaoutumia kusahihisha. Umeandikwa wazi kwamba kosa la matamshi lisiloharibu maana halimwangushi mtu. Serikali yenyewe, pamoja na bendera zake na walinzi wa mlangoni, imemruhusu mama apite na "Rinkoni" wake. Aliyemzuia kwa sababu ya herufi moja alikuwa mimi, kwenye chumba cha chini cha nyumba ya Bwana, tena baada ya kufungua kwa maombi.

Petro naye alikamatwa kwa ulimi. Uani kwa kuhani mkuu walimwambia "hata usemi wako wakutambulisha," Mathayo 26:73, akaogopa hata akaapa. Siku ya Pentekoste alisimama mbele ya watu wa kila taifa akiwa na usemi ule ule wa Galilaya, watu wakashangaa, "hawa si Wagalilaya?" Roho alishuka juu yake, matamshi yakabaki ya kwao.

Basi mama aliangukia wapi? Kwenye fomu yenyewe ya kuomba uraia, ile N-400. Ofisa huipitia tena kwa mdomo, na kwa njia hiyo anapima Kiingereza chako cha kuongea. Ni msururu wa "umewahi." Umewahi kuwa mwanachama wa chama cha Kikomunisti? Umewahi kukamatwa? Umewahi kushiriki mauaji ya kimbari? Umewahi kumtesa mtu, kumuua mtu? Majibu ya kweli kwa wengi wetu ni hapana, hapana, hapana. Lakini neno la kuua mama analijua vizuri. Alilisikia kambini katika kila mahojiano ya prosesi, yaani ya kuletwa Marekani, mkalimani akiligeuza mbele yake. Mtu aliyezika wawili kabla ya kuufikia mtumbwi anaulizwa kama yeye aliua. Aliniambia kwamba baada ya swali lile hakusikia tena maneno, alisikia sauti tu. Akaendelea kusema hapana. Mwisho wa fomu maswali yanageuka: unaiunga mkono Katiba? Uko tayari kula kiapo? Akasema hapana. Ofisa akarudia polepole, akamuuliza kiapo maana yake nini. Mama akamtazama tu.

Somo la "umewahi," na jinsi mwishoni majibu yanavyogeuka kuwa ndiyo, tulilifundisha Jumatano ile ile ambayo kiti chake kilikuwa na koti la mtu.

Nisieleweke vibaya. Sisemi mtihani ni dhambi ya Wagileadi. Nchi ina haki ya kuuliza, na karatasi hii si ya kudharau. Paulo alipofungwa kamba ili apigwe mijeledi alisema mimi ni Mrumi, na jemadari aliyekuwa akimshikilia akakiri kwamba yeye uraia wake aliununua kwa mali nyingi. Wanaolipa dola 760 kwa fomu ya karatasi watamwelewa jemadari. Kwa hiyo tusome, tena kwa bidii. Na kwa kuwa kila juma mnaniuliza: waliotuma maombi kabla ya 20 Oktoba 2025 wanabaki na maswali 100, wanaulizwa hadi 10 na wanahitaji 6. Waliotuma kuanzia siku hiyo wana maswali 128, wanaulizwa hadi 20 na wanahitaji 12. Msichanganye karatasi za kusomea. Aliyeshindwa sehemu moja huitwa tena kati ya siku 60 na 90, kwa sehemu ile ile aliyoshindwa, wala halipi upya.

Ninalosema ni dogo kuliko hilo. Tumeweka kivuko chetu wenyewe. Mwenye pasipoti ya bluu anaketi mbele na kuitwa kwenye kamati. Aliyeanguka anaulizwa mlangoni, mbele ya watu, "umepata ngapi?" Kijana aliyekulia hapa anamsahihisha mama yake Kiingereza katikati ya ushuhuda, nasi tunatabasamu. Wote tuliokuja tumebeba mfuko mweupe wa IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, kifuani, karatasi zote za maisha yetu mle ndani, tulikuwa sawa uwanja wa ndege siku ile.

Nilimwomba mama msamaha pale jikoni. Aliniacha nimalize, kisha akasema, "Sawa, mwalimu, sasa na wewe utamke." Akanipa neno la Kibembe, jina la samaki fulani wa ziwani. Mimi ni Mfuliru wa Uvira, samaki huyo nimemla tangu utoto, lakini kwa jina la kwetu. Nikatamka. Akatikisa kichwa. Nikatamka tena. Mjukuu wake akatoka chumbani kuja kusikiliza. Mara ya nne wote wawili walikuwa wamejiinamia kwa kicheko, nami shingo inanitoka jasho, mtu mzima mwenye cheti cha uraia ukutani. Hakunifukuza. Alinipakulia sombe na ugali, akaleta ile fomu, akasema tuanze kwenye "umewahi."

Tulirudia hadi saa nne usiku. Kwenye swali la kuua tulisimama, tukaomba, tukaliruka, tukalirudia baadaye. Mara ya tatu alilijibu na akasikia lililofuata.

Wito wa mara ya pili umekuja: Alhamisi, saa tatu asubuhi. Gari naendesha mimi, na kuna nafasi mbili kwa watakaopenda kukaa naye kwenye chumba cha kungojea. Jumatano darasa lipo kama kawaida. Ameahidi kuja, na ameomba kile kiti cha karibu na hita. Tafadhali msiweke koti.