Viputo vya Upande wa Bati

Mwaka 2014 nilikuwa mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha vioo bapa huko Falme za Kiarabu. Kituo changu kilikuwa upande wa baridi, yaani kule ambako kioo kinafika kikiwa kimeshapoa na kuanza kukatwa. Aliyenifundisha kazi alikuwa Momani aliyezaliwa Unguja, akaondoka na wazazi wake mwaka 1964 akiwa mtoto mdogo. Kiswahili cha kwao hakikumtoka. Mimi, kijana wa Tanga, nilimwita Ami tangu siku ya kwanza, naye akaniita mwanangu.

Kioo cha namna ile hakitengenezwi kimoja kimoja. Mchanga, magadi, chokaa na vipande vya vioo vilivyovunjwa huyeyushwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,500 na zaidi, kisha uji ule unamwagwa juu ya bati iliyoyeyuka (metali ya bati yenyewe, si mabati ya paa), unaelea na kutandaa wenyewe. Ndiyo njia ambayo Alastair Pilkington na wenzake waliitangaza Uingereza mwaka 1959. Utepe wa kioo unaingia kwenye hodhi la bati ukiwa na nyuzi 1,100 hivi, unatoka ukiwa na 600, unapita tanuri refu la kupoza taratibu, ndipo unatufikia. Haukatiki usiku wala mchana, kwa kuwa tanuri likishawashwa linakwenda miaka hadi matofali yake yachakae. Kwa hiyo mkaguzi hana nafasi ya kusema tusimame kwanza tutazame. Wakati unafikiri, kioo kinapita.

Usiku ninaoukumbuka tulikuwa tunatoa kioo cha milimita 4 cha madirisha, zaidi ya mita kumi kila dakika. Kamera zilikuwa zinatazama utepe wote, na kompyuta inapima kila doa, inalilinganisha na kiwango, inaamua kioo kipi kipite na kipi kivunjwe. Baada ya saa saba usiku viputo viliongezeka kidogo. Kompyuta ikaendelea kupitisha, maana kila kiputo peke yake kilikuwa halali. Ila nilipoitazama ramani ya kasoro niliona vyote vimejipanga kwenye mstari mmoja, umbali uleule kutoka ukingo wa kushoto.

Niliomba sampuli ikatwe sehemu ile. Kwanza niliiweka mbele ya ubao wa pundamilia, ule wenye mistari myeupe na myeusi ya mshazari, nikaigeuza polepole kutafuta pembe ambayo mistari ingeanza kuyumba. Haikuyumba mapema. Kioo kilikuwa kimenyooka vizuri. Ami akaingia.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Una nini hapo?"

"Viputo, Ami. Vidogo tu."

"Sikukuuliza ukubwa, mwanangu. Viko wapi?"

Alikuwa hana maana ya kushoto au kulia. Kioo kina tumbo na mgongo, hata kikiwa chembamba namna gani, na kiputo kilichozaliwa tanurini hukaa ndani, popote pale. Nilizima taa ya chumba nikawasha ile ya urujuanimno. Upande uliolalia bati hung'aa weupe hafifu wa maziwa, ule wa juu haung'ai, hivyo huwezi kuchanganya. Nikapitisha ncha ya kidole upande wa bati. Pale penye kiputo palikwaruza. Hadubini ikathibitisha: havikuwa ndani ya kioo hata kidogo. Vilikuwa vishimo vilivyo wazi, vyote upande wa chini.

Hapo mambo mengi yalijiondoa yenyewe. Kama ingekuwa mchanga au magadi, kasoro ingetapakaa upana wote wa utepe, tena ingechukua zaidi ya siku nzima toka malighafi iingie tanurini hadi tuione sisi. Hii ilikuwa imezaliwa muda mfupi tu uliopita, mahali pamoja, chini. Maana yake hewa ilikuwa inatoka kwenye matofali ya sakafu ya hodhi, inapanda kupitia bati, inakigusa kioo kikiwa bado laini.

Msimamizi wa shifti alikuwa na malori ya kupakia asubuhi, naye hakuwa mtu mbaya. Alisema kompyuta imepitisha. Nilimtazama Ami, akanyamaza, nikajua ananiachia mimi. Nikamwonyesha msimamizi ramani, nikampa sampuli aipapase kwa kidole chake mwenyewe. Nikamwambia kwamba vishimo vile vitajaa uchafu, na mtu aliyenunua dirisha lake kwa jasho atakaa nalo miaka thelathini akiona mstari wa madoa kila jua likilipiga. Niliamini hivyo, na bado naamini. Anayeishi nyuma ya kioo hana kamera wala ubao wa pundamilia, na mkaguzi ndiye jicho lake. Msimamizi aliipapasa sampuli mara mbili, kisha akapiga simu upande wa moto.

Ganda la chuma chini ya hodhi hupozwa na feni wakati wote. Bati huyeyuka kwa nyuzi 232 tu, kwa hiyo chuma kikiwa baridi zaidi ya hapo, bati itakayopenya kwenye nyufa za matofali inaganda kabla ya kuleta balaa. Mafundi wa upande wa moto waliposhuka walikuta feni moja imepungua nguvu, na chuma cha upande ule kimepanda joto. Joto la sakafu likibadilika, matofali yanatoa hewa.

Feni ilibadilishwa usiku uleule, lakini matofali hayatulii kwa dakika. Hadi alfajiri kila kioo kilichobeba mstari ule kiliangushwa kwenye mashine ya kusaga, kirudi tanurini. Vilivyokwisha kupangwa kwenye fremu tangu saa saba tulivifungua, mimi na Ami na vijana wawili wa foklifti, tukavikagua kimoja kimoja kwa tochi ya pembeni. Vingi havikurudi kwenye fremu. Lori la kwanza liliondoka mchana badala ya asubuhi.

Baada ya hapo msimamizi yule aliwataka mafundi wa kompyuta waongeze kanuni: viputo vikijipanga mstari mmoja, hata vikiwa vidogo kuliko kipimo, kengele ilie na mkaguzi aitwe.