Siku ya Stefano, shambani kwa mjane

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Juma hili tusome Matendo ya Mitume 6:1-7.

Mara tu baada ya Noeli, Desemba 26, Kanisa linatuwekea Mtakatifu Stefano. Wengi tunamkumbuka kwa mawe aliyopigwa. Lakini kabla ya mawe alipewa kazi ya kuhudumu mezani. Pale Yerusalemu kulizuka manung'uniko kwamba wajane wa Wayahudi wa Kiyunani “walisahauliwa katika huduma ya kila siku”, wakachaguliwa watu saba, Stefano akitajwa wa kwanza. Huduma ya kila siku, wapendwa, si ya sikukuu.

Nayasoma hayo nikiwaza Mtwara na Lindi yetu. Noeli inatukuta korosho zimekwenda mnadani, wenye malipo wamelipwa au wanasubiri, na tunachangishana vizuri tu: mchele, sukari, mafuta, sabuni. Wengine huenda wodini Ligula, Nyangao au Ndanda kumtafuta mgonjwa asiye na ndugu wa kumpikia. Ni jambo jema, tusiliache. Tukifika tu, simu zikae mfukoni. Mgonjwa hawezi kukataa picha wakati ameshika sabuni yetu mkononi.

Ila Desemba hiyohiyo ndiyo mvua zetu zinashika. Toka Newala hadi Nachingwea watu wako shambani. Bibi anayelea wajukuu, ghala limekwisha, anaamka kwenda kibarua kwenye shamba la mwenzake ili jioni watoto wale. La kwake linaota majani. Mchele wetu unaisha siku mbili tatu. Msimu wa mavuno ukifika hana cha kuvuna, na Noeli ijayo jina lake linarudi kwenye orodha yetu ya misaada. Hapo mimi naona tuna deni kwake.

Yohana anasema Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu. Mungu hakutuma salamu, alikuja. Naye Isaya 58:7 anatuonya: “wala usijifiche na mtu mwenye damu moja nawe.” Shamba linalomtoa jasho bibi wiki nzima, majembe ya jumuiya moja yanalimaliza asubuhi.

Na tusiwaruke majirani zetu Waislamu, ambao huku pwani ndio wengi. Wale wajane wa Yerusalemu walisahauliwa, huenda kwa kuwa walionekana “si wa kwetu”.

Basi Jumapili hii kila jumuiya iulize: ni nani shamba lake halijalimwa? Aombwe ruhusa mwenyewe kwanza, aseme anataka kupanda nini na wapi. Tarehe 26 tutoke Misa ya asubuhi na majembe, mbegu na chakula chetu, asihangaike kutupikia. Zamu za palizi ya Januari zipangwe siku hiyohiyo, kabla watu hawajatawanyika.