Nani Anamuuzia Huyu Fundi?

Daftari langu la taroti, karata za picha ambazo wengi huzitumia kubashiri, lilikuwa na utaratibu tangu ukurasa wa kwanza. Asubuhi nilichanganya karata, nikavuta moja, nikaandika tarehe na jina lake. Kisha, kabla sijagusa kijitabu cha maelezo, niliandika ninachokiona kwenye picha: nani yupo, ameshika nini, anatazama wapi, nyuma yake kuna nini. Baada ya hapo ndipo nilipofungua kijitabu na kunakili maana kwa kifupi. Jioni niliongeza mstari mmoja kuhusu siku ilivyokwenda, hata kama haikuhusiana na karata kwa lolote. Mistari ya "hakuna kilichofanana" ilikuwa mingi, nami sikuifuta. Asiyeandika hukumbuka tu siku ambazo karata ililenga, zile ilizokosa zinamtoka, na haupiti muda anaanza kujiona mtabiri.

Mimi nilivutwa na picha zaidi kuliko utabiri. Karata ni 78, kuu 22 na ndogo 56, na katika seti niliyokuwa nayo hata zile ndogo zina watu wenye shughuli zao: mmoja anaondoka usiku akiacha vikombe vyake vimepangwa, mwingine amelala kifudifudi na panga kumi mgongoni. Kwa anayeanza, hiyo ni nafuu kubwa. Huhitaji kukariri kitu ili uone kwamba mwenye panga kumi mgongoni hana siku njema.

Dada yangu alinikuta katikati ya shughuli hiyo. Alikuwa amekuja kukaa kwangu kwa muda baada ya biashara yake kuvunjika. Dada ni fundi wa ngozi: mikoba, mikanda, pochi. Alishirikiana na rafiki yake. Yeye alikata na kushona, rafiki alishika wateja na hesabu. Walipoachana, rafiki aliondoka na wateja, Dada akabaki na vifaa. Habari hiyo hakutaka kuizungumza, na kila nilipoigusa aliniuliza kama chai imekwisha.

"Kumbe siku hizi unapiga ramli," alisema akiwa amesimama mlangoni.

"Kaa nikueleze, Dada."

"Nieleze nikiwa nimesimama."

Nikamweleza. Karata hizi zilianza kama mchezo, kaskazini mwa Italia, katika karne ya 15. Mambo ya kubashiria yalikuja kuvuma baadaye sana, huko Ufaransa, hasa baada ya mwandishi Court de Gébelin kuandika mwaka 1781 kwamba zimebeba hekima ya makuhani wa Misri ya kale. Ushahidi hakuwa nao. Tena wakati huo Ulaya nzima hapakuwa na mtu aliyeweza kusoma maandishi ya Misri ya kale. Msomi Mfaransa, Champollion, alikuja kuyafumbua mwaka 1822. Sehemu hiyo huwa naisimulia kwa raha, na Dada aliniachia niisimulie mpaka mwisho.

Kilichomkalisha ni neno mchezo. Dada ni mchezaji karata hatari. Alizimwaga mezani, akaanza kuzipanga: kopa hapa ni Vikombe, shupaza ni Panga, pau ni Fimbo, uru ni Sarafu. Akagundua mwenyewe kwamba kila familia ina mtu mmoja wa ziada: penye ghulamu peke yake, hapa kuna kijana na mpanda farasi. Alifanya kwa dakika chache kazi iliyonichukua muda mrefu na kalamu za rangi.

"Haya, vuta moja," nikamwambia. "Ila usiniulize maana yake. Niambie unachoona tu."

Akavuta Sarafu Nane. Ni kijana aliyevaa aproni, amepanda benchi kama farasi, ana nyundo mkononi, anachonga sarafu kubwa ya dhahabu. Zilizokwisha zimetundikwa juu ya nguzo.

"Fundi," alisema mara moja. Akaisogeza karibu na macho. "Amekaa vibaya. Kaa hivi kutwa, jioni mgongo si wako." Akanyamaza kidogo. "Kazi yake safi lakini. Zote zinafanana." Kisha akaweka kidole kwenye vijengo vidogo vilivyochorwa nyuma. "Mji ni huu?"

"Ndiyo."

"Mbona mbali hivyo? Ametundika bidhaa mahali ambapo hapiti mtu. Nani anamuuzia huyu?"

Nilifungua kijitabu. Bidii, uanagenzi, ustadi wa mikono. Kuhusu mnunuzi, kimya. Ndipo nikakumbuka kwamba karata ile niliwahi kuivuta, nikarudi nyuma kwenye daftari kuitafuta. Siku hiyo nilikuwa nimeandika: "Mtu mwenye bahati. Hakuna anayemsemesha. Mji uko mbali, kelele hazimfikii." Na mstari wa jioni: "Vikao kutwa nzima. Kichwa kinauma."

Nilimsomea. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Wewe umeona mapumziko," alisema. "Mimi nimeona njaa."

Picha ni ile ile, kidole chake kilikuwa juu ya mji ule ule niliouandika mimi. Nilijua kwa nadharia kwamba kila mtu huja na macho yake, wanaofundisha taroti hawachoki kulisema hilo, lakini kuliona likiwa limeandikwa kwenye ukurasa mmoja, mwandiko wangu juu na maneno ya Dada chini yake, lilinishika. Kijitabu kingeninyima yote mawili kama ningeanza nacho.

Akaigeuza karata kidogo, akaonyesha alama iliyojipinda kama nyoka pembeni mwa picha. "Na hii?"

"Sahihi ya mchoraji."

Fundi huuliza habari za fundi mwenzake, basi alitaka kujua ni nani. Pamela Colman Smith, nikamwambia. Arthur Edward Waite ndiye aliyempa kazi, na kampuni ya William Rider ikazitoa karata London mwaka 1909. Kwa miaka mingi zikaitwa Rider-Waite, jina la mchapishaji na la aliyeagiza. Smith mwenyewe alimwandikia mpiga picha Alfred Stieglitz mwaka huo huo kwamba amemaliza kazi kubwa kwa fedha kidogo sana. Alifariki mwaka 1951, hana mali ya kusema, na karata zake zinauzwa mpaka leo.

Dada aliishika karata muda mrefu.

"Basi hapa amejichora."

Hakuna ushahidi wa hilo, na mtu aliyetoka kumcheka Court de Gébelin alipaswa kusema kitu. Sikusema.

"Sasa inasema nifanye nini?" aliuliza.

"Haisemi."

"Basi ya kazi gani?"

Nikamsogezea daftari na kalamu. Chini ya ninachoona, nikamwambia, andika ulichoona wewe, na kama kuna swali limekujia, liandike hapo hapo. Alilalamika kwamba mwandiko wake mbaya, akaandika ukurasa mzima. Fundi, mgongo, mji, nguzo. Na mwishoni swali: "Nitafute mtu wa kuniuzia, au nijifunze kuuza mwenyewe?" Biashara ambayo tangu afike hakutaka itajwe ilikuwa sasa mezani, na aliyeitaja ni yeye, kwa kisingizio cha kijana wa kuchorwa.

Alitaka avute ya pili ili apate jibu. Nilikataa. Kwangu ni karata moja kwa siku, maana mwenye swali akiruhusiwa kuendelea kuvuta, atavuta mpaka apate anayoipenda. Aliniita mchoyo, akaenda kukaa na simu yake chumbani.

Jioni nilipolifungua daftari kuandika mstari wangu, nilikuta ameshaandika wake: "Nimewapigia wateja wawili wa zamani. Mmoja hakupokea. Wa pili anataka apunguziwe bei."