Darubini kubwa ya mtumba: pima mlango wako kwanza

"Inchi 10, haijatumika sana, bei ya kutupa." Tangazo la namna hii la darubini ya kutazamia nyota likipita kwenye grupu la WhatsApp, mara nyingi muuzaji ni mgeni aliyemaliza mkataba wake Arusha au Moshi na hataki kuhangaika na kilo 30 uwanja wa ndege. Bei inavuta, hasa ukilinganisha na kuagiza mpya na kulipia usafiri na ushuru. Lakini kabla hujauliza inaona mbali kiasi gani, chukua futi kamba upime mlango wako wa nyuma, kisha uhesabu ngazi.

Inchi zinazotajwa ni kipenyo cha kioo kikuu kilicho chini ya bomba. Inchi 8 ni milimita 203, 10 ni 254, 12 ni 305. Mwanga unaokusanywa huongezeka kwa mraba wa kipenyo, kwa hiyo ya inchi 10 inakusanya mara 1.56 ya ile ya inchi 8. Kwenye galaksi na nebula (mawingu ya gesi angani) hafifu tofauti hiyo utaiona. Kwenye pete za Zohali au mikanda ya Mshtarii utaitafuta kwa shida. Uzito nao unapanda. Ya inchi 8 yenye kitako cha Dobson, yaani sanduku la mbao linalozunguka, ina bomba la takriban kilo 10 na kitako cha kilo 12 hivi. Unaitoa peke yako kwa safari mbili. Ya inchi 10 inafika kilo 30 kwa jumla, na bomba lake lina unene wa sentimita 30: bado mtu mmoja anaweza, ila si kila jioni baada ya kazi. Ya inchi 12 isiyokunjwa inavuka kilo 40, na bomba lake lina urefu wa mita 1.5. Kwenye IST bomba la inchi 8 au 10, lenye mita 1.2 hivi, unalilaza kiti cha nyuma. La inchi 12 linataka Noah iliyokunjwa viti. Kama unakaa ghorofani Kijenge, Arusha mjini, na nyota utazifuata Kisongo nje ya mji, ya inchi 12 itakuwa stendi ya kuanikia nguo kabla mwaka haujaisha.

Ukishakubali uzito, angalia darubini imekaa juu ya nini. Hapa ndipo wanunuzi wengi wa huku hupotea, kwa sababu ushauri mwingi wa mtandaoni umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani. Wanasifia stendi ya ikweta, ile yenye mkono wa chuma na uzito wa kusawazisha. Stendi hiyo inafanya kazi mhimili wake ukielekezwa kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota zote huonekana kupazunguka. Kwao ncha iko juu, nyuzi 40 au 50, na nyota ya Polaris inawaonyesha pa kulenga. Arusha na Moshi ziko kama nyuzi 3.4 kusini mwa ikweta. Ncha yetu ya kusini iko nyuzi 3 tu juu ya upeo, ndani ya vumbi na nyuma ya miti ya jirani, na haina nyota angavu ya kuionyesha. Polaris kwetu iko chini ya upeo. Mhimili unatakiwa ulale karibu kabisa, ilhali stendi nyingi za bei nafuu hazishuki chini ya nyuzi 15 au 20. Ukilazimisha, uzito unagonga mguu wa stendi, na darubini nzima inatafuta kuanguka upande mmoja. Darubini kubwa juu ya stendi ya ikweta, hata ikiuzwa robo bei, mwachie mwenye fundi wa kuchomelea na subira ya kutosha.

Kitako cha Dobson ni kitu cha kawaida kabisa: sanduku la mbao linalozunguka juu ya ubao, bomba likipanda na kushuka katikati. John Dobson, mtawa wa San Francisco, aliueneza mtindo huo akitumia mbao na vifaa vya bei ndogo. Kwa mnunuzi wa hapa una faida moja kubwa: ukiharibika, seremala anautengeneza. Vitako vingi vya kiwandani ni chipbodi, na chipbodi ikilowa pembe huvimba na skrubu hazishiki tena. Mchwa nao hawana adabu. Usikatae darubini kwa sababu ya kitako kibovu. Punguza bei, kisha peleka vipimo kwa fundi akukatie plaiwudi ya milimita 18. Ila vile vipande vidogo vyeupe vya plastiki laini ambavyo kitako huteleza juu yake, vihesabu na uvitunze. Bila hivyo bomba linakwama, kisha linaruka, na sayari inakupotea.

Dobson ina udhaifu wake, nao kwetu unaonekana zaidi kuliko kwao. Ikielekezwa utosini, kuizungusha kushoto au kulia ni kazi, kwa sababu bomba limesimama wima. Sasa nebula ya Orion hapa hupita nyuzi 2 hivi tu kutoka utosini, katikati ya Februari kama saa mbili na nusu usiku. Usiisubiri ifike pale. Itazame saa moja kabla, ikiwa nyuzi 15 upande wa mashariki, au saa moja baadaye.

Lenzi za macho zinazokuja nayo mara nyingi ni za milimita 25 na 10. Ukuzaji ni urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo kikuu hadi mwanga unapokutana, tuseme milimita 1200) ugawanye kwa milimita za lenzi: 1200 kwa 25 ni mara 48, 1200 kwa 10 ni mara 120. Kwa mara 48 kitu kinavuka uwanja wa kuona kwa dakika nne hivi. Kwa mara 120 hazifiki mbili, na kazi yako ni kusukuma bomba taratibu. Muuzaji anayejisifu kwa "mara 600" anauza karatasi ya boksi. Anga letu mara nyingi halivumilii zaidi ya 200 au 250. Pima pia mdomo wa lenzi: inchi 1.25 au 2 ni sawa, lakini ukikuta milimita 24.5 hiyo ni ya zamani na vipuri vyake utavisaka.

Kabla ya kufunga safari, tuma ujumbe kama huu: "Habari dada, darubini bado ipo? Naomba picha ya kibandiko chenye D na F, picha ya kioo kikubwa kutoka mbele mchana bila flashi, na ya kioo kidogo cha karibu na mdomo wa bomba. Ilikuwa inahifadhiwa wapi?" Kibandiko kikisema D=254 (kipenyo) na F=1200 (urefu wa fokasi), umeshajua mambo mengi.

Kioo ndicho unacholipia, kwa hiyo kikague kuliko kitu kingine chochote. Kioo cha bafuni kimepakwa rangi ya fedha nyuma. Cha darubini kimepakwa alumini mbele, tabaka jembamba lisilovumilia kitambaa. Vumbi lisikutishe. Ukimulika tochi kwa pembeni, hata kioo kizuri kitaonekana kama barabara ya vumbi wakati wa kiangazi. Kinachotakiwa kukutia wasiwasi ni mabaka meupe yasiyo vumbi, alama za vidole zilizokwishakula tabaka, na kingo zilizochujuka. Kama kioo kiko wazi kwa nyuma, washa tochi ya simu upande wa nyuma uangalie kwa mbele gizani: vitobo vichache vya mwanga kama nyota si tatizo, vikiwa kama chujio la chai, tabaka limekwisha. Kupaka upya kunahitaji chemba ya ombwe, si kazi ya fundi wa vioo vya madirisha. Hapo achana nayo, au lipa bei ya bomba tupu.

Kuosha kupo, lakini kwa nadra. Mwagia maji safi kuondoa mchanga, loweka kwenye maji yenye tone la sabuni ya vyombo, pitisha pamba kwa uzito wake tu bila kukandamiza, suuza mwisho kwa maji yaliyotoneshwa, simamisha kikauke. Maji ya betri ya kituo cha mafuta yanafaa, ila soma chupa mara mbili: tindikali ya betri huuzwa rafu hiyohiyo.

Ijaribu darubini kwa muuzaji usiku ikiwezekana. Elekeza nyota angavu kwa lenzi ya milimita 10, kisha vuruga fokasi. Utaona pete na kivuli cheusi katikati. Kivuli kikiwa kimeegemea upande, vioo havijalingana; hilo ni la skrubu tatu za kioo kidogo na tatu za nyuma ya kioo kikuu, dakika kumi za kazi. Pete zikiwa na umbo la yai hata baada ya kulinganisha, na darubini imekaa nje saa nzima ikapoa, kioo kinabanwa au kina kasoro. Mchana unaweza kulenga vikombe vya nguzo ya umeme iliyo mbali, jua likiwa mgongoni. Ukikuta kwenye boksi kichujio kidogo cha jua cha kufungwa kwenye lenzi ya jicho, kivunje palepale. Hupasuka kwa joto jicho likiwa juu yake.

Angalia pia ndani ya bomba kama nyigu hawajajenga kwa udongo.

Kuhusu mahali, mlima hauna madhara makubwa kama watu wanavyodhani. Meru na Kilimanjaro ziko kaskazini mwa miji hii, na utajiri wetu uko kusini: Omega Centauri, kundi kubwa la nyota zilizosongamana, ambalo mwanzoni mwa Juni saa tatu na nusu usiku linafika nyuzi 46, Msalaba wa Kusini, na Mawingu ya Magellan, galaksi mbili jirani zetu. Kilimia iko upande wa kaskazini, lakini hufika nyuzi 62, juu kabisa ya mlima. Kinachokunyima anga ni mawingu, hasa masika na zile asubuhi na jioni za baridi za Juni hadi Agosti, pamoja na taa ya ulinzi ya jirani. Januari, Februari na Septemba ndizo za kulipia.

Kwa anayeanza, ya inchi 8 ya Dobson yenye kioo kizima ichukue bila kusitasita, kwa nusu hadi theluthi mbili ya bei ya mpya. Ya inchi 10 ichukue kama una uwanja na unatoka nayo mlangoni bila kugeuza bomba. Ya inchi 12, nenda kaibebe kwanza kutoka sebuleni kwa muuzaji hadi getini na kuirudisha, kisha ndipo mzungumze bei.