Namba ya Baba

Habari ya ile dawa ilitufikia kwa kaka yangu aliye Dar. Mwishoni mwa Januari 2025 Marekani waliidhinisha suzetrigine, dawa ya maumivu isiyo ya jamii ya mofini, naye akatuandikia kwamba sasa baba atalala. Baba ni mstaafu wa reli hapa Tabora, ana kisukari cha miaka mingi, na miguu yake huwaka usiku. Hata shuka ilimuumiza. Mama aliweka kigoda miguuni pa kitanda ili shuka ipite juu, isiguse vidole.

Nikampeleka kliniki. Daktari, kijana wa makamo yangu, alimpa shikamoo, akamfumbisha macho, akawa anamgusa nyayo kwa uzi wa nailoni. "Ukisikia, sema." Baba kimya. Palepale asiposikia uzi ndipo panapowaka. Kuna mahali walishamwambia ni uzee tu.

Nikaulizia ile dawa. Daktari akasema imeidhinishwa kwa maumivu ya muda mfupi, kama ya baada ya upasuaji. Inaziba vijimlango vinavyopitisha sodiamu kwenye neva, yaani mishipa ya fahamu, zinazopeleka maumivu, kabla taarifa haijafika kwenye ubongo. Kwa neva zilizoharibiwa na kisukari bado walikuwa wanaijaribu: wengine wanapewa dawa yenyewe, wengine kidonge kisicho na dawa, na si mgonjwa wala daktari anayejua nani kapata kipi. Matokeo ya jaribio jingine, la maumivu ya neva yanayoshuka kutoka kiunoni hadi mguuni, yalitoka Desemba 2024: waliomeza dawa maumivu yao yalishuka kwa kama alama 2, kwenye kipimo cha 0 hadi 10, na waliomeza kidonge kitupu vilevile.

Mimi nilivunjika moyo. Baba akauliza, "Hizo alama inatoa mashine gani?"

"Hakuna mashine, mzee wangu. Anazitaja mgonjwa mwenyewe."

"Na wanamwamini?"

"Wanaandika anachosema."

Baba akajiweka sawa kitini. "Basi andika nane."

Akaanzishiwa amitriptyline, dawa ya zamani ya sonona ambayo kwa dozi ndogo ya usiku hutuliza neva. Ilimkausha mdomo, akalalamika sana. Tuliporudi aliulizwa tena, akafikiri kwa muda mrefu, akasema sita. Kisha akainama juu ya meza kuhakikisha kwamba imeandikwa sita.