Makombo kwenye Sahani ya Birju

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mwaka 1975, mwaka uleule Sholay ilipotikisa India, ilitoka filamu nyingine ya gharama ndogo, Jai Santoshi Maa. Akina mama walivua viatu mlangoni mwa ukumbi wa sinema, na mungu wa kike Santoshi alipotokea walimrushia maua na sarafu palepale kwenye pazia. Sisi hatumwabudu Santoshi, nami nalisema hilo wazi. Ila hadithi yenyewe imenishika, maana shida yake inaanzia kwenye chakula cha nyumbani.

Birju ni kitindamimba katika ndugu saba. Wake wa kaka zake wanampakulia makombo ya sahani za kaka zake, naye anakula bila kujua. Kwa Wahindu wa jadi, chakula alichokwisha kukila mwingine ni unajisi, na kumpa mtu chakula hicho ni kumdhalilisha. Siku Birju anapogundua, anaondoka kwenda kutafuta maisha. Mkewe, Satyavati, anabaki, na chuki yote ya nyumba inahamia kwake, hadi anataka kujiua.

Ndipo anapoelekezwa mfungo wa Ijumaa 16 wa kumwomba Santoshi. Sadaka yake ni sukari guru na dengu, na kitu kichachu ni mwiko. Itazameni sadaka hiyo: hata mke asiye na senti anaweza kuipata. Sishangai kwamba wanawake wa kipato cha chini waliiona filamu hii kuwa yao.

Mume anarudi na mali, karamu ya kumaliza mfungo inaandaliwa, na wale wake wa kaka zake wanakamulia ndimu kwenye chakula cha sadaka. Hapa moyo wangu uliuma. Waliijua vizuri sheria ya mfungo, wakaitumia kumwangamiza aliyefunga! Isaya 58 inasema na watu wa namna hiyo, wanaofunga huku wakiwaonea wenzao. Paulo naye anawakemea Wakorintho kwa jambo lilelile, mezani pa Bwana: mmoja ana njaa, mwingine amelewa.

Katika filamu, hasira ya Santoshi inaipiga nyumba kwa msiba, na ni Satyavati aliyeonewa anayelia kuwaombea rehema waliomtesa. Nilipomwona nilimkumbuka yule mama Msirofoinike wa Marko 7, aliyekubali hata makombo ya chini ya meza ili mradi binti yake apone. Bwana hakumwacha na makombo. Alirudi nyumbani akamkuta mtoto ni mzima.

Kwetu yupo binti wa kazi anayekula ukoko akiwa amesimama jikoni, baada ya sisi kushukuru kwa sauti mezani. Yupo mke aliyeolewa juzi, hajazoea ukoo, kila neno lake ni kosa. Yupo mtoto wa marehemu ndugu yetu, tuliyemchukua baada ya msiba, anayesubiri wenzake washibe. Jumatano kwenye maombi tuanze na hao, tuwataje kwa majina, na kila mwenye nyumba aje akiwa amekula nao sahani moja.