Sindano Tuliyoisimamisha na Ndoo Tuliyoiweka

Nilikuwa muuguzi msimamizi wa wodi ya upasuaji katika hospitali moja ya mkoa nchini Tanzania wakati bibi mmoja wa miaka 71, aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, alipoanza kuharisha akiwa katika siku ya 6 ya sindano za antibiotiki iitwayo seftriaksoni. Kutwa moja alikwenda choo mara nane, na homa ikapanda. Kwetu, mtu akiharisha maji matupu, wote huwaza kipindupindu; tulipima, hakikuonekana. Siku mbili baadaye akaanza mgonjwa wa kitanda cha jirani, naye akiwa kwenye antibiotiki.

Hapo nilimshuku Clostridioides difficile, bakteria aliyepewa jina lenye maana ya "mgumu" mwaka 1935 kwa sababu alikuwa mgumu kuoteshwa maabara. Bakteria wema wa utumbo mpana humbana asistawi, lakini antibiotiki ikiwafagia, yeye hujipatia nafasi na kutoa sumu inayochubua utumbo. Maabara yetu haikuwa na kipimo chake, hivyo sampuli ilipelekwa maabara binafsi mjini kwa fedha walizochangishana ndugu, na majibu yakaonyesha sumu hiyo.

Daktari alisimamisha seftriaksoni, nami nikabaki na kazi ya kueleza. "Sista, mama anazidiwa, halafu mnamwondolea sindano?" aliniuliza mwanawe, na sikumlaumu. Kesho yake nilikuta vidonge vya kufunga choo chini ya mto wa bibi. Niliviondoa, nikamweleza kijana kwamba kulifunga tumbo la namna hiyo ni kuifungia sumu ndani, na utumbo unaweza kutanuka hadi ukahatarisha maisha.

Dawa iliyotakiwa ni vankomisini, tena ya kunywa, kwa kuwa ikipitia mshipani haifiki ndani ya utumbo kwa kiasi cha kutosha. Vidonge vyake havikupatikana, basi mfamasia akayeyusha ile ya sindano, na kila mgonjwa akanywa miligramu 125 mara 4 kwa siku, kwa siku 10. Bibi aliikunja sura kwa ladha yake mpaka tukaichanganya na juisi.

Kilichonisumbua zaidi ni vitakasa mikono. Tangu wakati wa Korona kila kitanda kilikuwa na chupa yake, na tuliiona kama fahari ya wodi, kumbe spirti haiui spora za bakteria huyu, yaani vijimbegu vyake vyenye ganda gumu, ambazo hukaa kwenye vyuma vya kitanda kwa miezi. Niliziondoa chupa kwenye vitanda vile viwili, nikaweka ndoo ya maji yenye bomba pamoja na sabuni. Sabuni nayo haiziui, ila msuguano na maji yanayotiririka huziondoa mkononi. Madaktari wa raundi walinung'unika kwamba nawachelewesha. Niliwaacha wanung'unike, mradi wananawa. Chumba cha kuwatenga wagonjwa hatukuwa nacho, kwa hiyo vitanda vyao vilisogezwa pembeni karibu na choo walichotengewa, wakapewa mashine yao ya presha na kipimajoto chao. Sakafu na vyuma tulivifuta kwa klorini ya asilimia 0.5, yaani kipimo kimoja cha dawa ya asilimia 3.5 kwa vipimo sita vya maji, na mfanya usafi alipewa mopu isiyokwenda kwingine.

Hakuugua mwingine wodini. Bibi alipata nafuu siku ya nne, akaenda nyumbani, kisha baada ya wiki tatu akarudi anaharisha tena. Niliona aibu, nikidhani usafi wangu ulikuwa na kasoro, hadi daktari aliponikumbusha kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya watano hurudiwa, mara nyingi kwa spora zilizobaki tumboni mwake mwenyewe. Safari hii dozi ilipunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na kijana ndiye aliyempimia mama yake kwa sirinji. Walipokuja kliniki ya mifupa, alipita kwanza kwenye ndoo, akanawa, ndipo akaja kunisalimu.